Risasi Iliyokwenda Ubavu

Haya, mmerudi! Wiki nzima hamkunipa raha. Sauti ile gizani ni ya nani? Mpaka kinyozi wangu alisimamisha wembe shingoni mwangu, akaapa hanyoi tena mpaka nimwambie. Nikamwambia asubiri gazeti kama wenzake.

Aliyechelewa kujiunga nasi asihangaike, namshika mkono sasa hivi. Mama Mtutu ni fundi wa bunduki. Karakana yake iko nyuma ya duka la shemeji yake, kaka wa mumewe, anayewauzia wawindaji bunduki na risasi. Chini ya duka kuna handaki refu la kujaribia silaha, kuta zake zimepangwa magunia ya mchanga, na polisi huleta humo bunduki zao zenye kesi. Leo ndani ya handaki hilo kuna bunduki ya Jicho, mdogo wake Mama Mtutu, mwongoza wawindaji, aliye mahabusu kwa kumuua mgeni wake porini.

Jicho anasema alimlenga nyati. Polisi wanasema asubuhi ile aligombana na mgeni, basi alimlenga mgeni. Mchana huu Inspekta anakuja kuijaribu bunduki. Ikipiga sawasawa, Jicho kwisha habari yake.

Mama Mtutu alijipenyeza handakini aijaribu kwanza yeye. Mlango wa chuma ukafungwa kwa nje, taa ikazimika, na mtu ndani ya giza akasema:

"Usipige kelele."

Moyo ulimlipuka paa! Akarudi nyuma hadi mgongo ukagonga magunia. Halafu akaitambua sauti. Angeachaje kuitambua, na amelala kando yake miaka yote hii?

"Baba Watoto?"

"Mimi."

"Unafanya nini humu gizani kama popo?"

"Na wewe je?"

"Mimi nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu. Jibu langu hilo. Lako liko wapi?"

Mama Mtutu akatoa mfukoni tochi yake ndogo ya kuchungulia ndani ya mitutu, akamulika. Mumewe, muuza risasi wa kaunta ya juu, alikuwa amechuchumaa nyuma ya meza ya kazi, kijasho chembamba kinamtoka, na amekumbatia gunia refu kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi.

"Gunia la nini?"

"Vyuma tu. Mke wangu, tugonge mlango tutoke."

"Gonga wewe. Mimi sijamaliza."

Akaiweka bunduki mezani, akakibana kitako chake kwenye jiliwa, kibano cha chuma cha mezani. Basi nisikilizeni vizuri hapa, maana wengine mnaruka mistari mkitafuta mapenzi! Ndani ya mtutu kuna mifereji inayojipinda kama uzi wa skrubu. Mifereji hiyo ndiyo huizungusha risasi kama pia ya kuchezea watoto ili iende imenyooka. Risasi fupi na nyepesi hutosheka na mpindo wa polepole. Risasi ndefu na nzito inadai mpindo wa kasi. Ukiinyima, hupepesuka njiani kama mlevi, ikaenda ubavu, ikaangukia inakotaka yenyewe.

Mwaka jana Mama Mtutu aliung'oa mtutu wa zamani wa Jicho, wenye mpindo wa polepole, akamfungia mpya wenye mpindo wa kasi. Halafu akamjazia risasi kwa mkono wake, ndefu, nzito, za kumwangusha nyati. Mtutu na risasi vilichaguana kama kufuli na ufunguo wake.

Akafunga kitambaa kwenye ncha ya ufito wa kusafishia, akautia mtutuni, akauchora alama ya chaki upande wa juu. Akausukuma taratibu. Ufito ukafuata mifereji, ukaanza kuzunguka mkononi mwake. Katika mtutu alioufunga yeye, alama ile inarudi juu kabla ufito haujaingia shibiri moja.

Shibiri ikapita. Alama iko chini.

Akasukuma tena. Shibiri na nusu ikakaribia, ndipo chaki ikaibuka juu, polepole, haina haraka hata kidogo.

"Huu si mtutu wangu," akasema.

Mumewe akalivuta gunia karibu zaidi na kifua.

"Huu ni ule wa zamani! Nimeung'oa mwenyewe, nimeutupa mwenyewe kwenye pipa la vyuma. Nani kaurudisha?"

"Huenda umekosea kupima."

"Mimi? Nikosee kupima?"

Akachukua risasi moja kati ya zile polisi walizozikuta mfukoni mwa Jicho, zile alizozijaza yeye. Akaisokomeza bundukini. Mwisho kabisa wa handaki kulikuwa na karatasi ya shabaha. Akalenga katikati, akafyatua.

Mlio uliwapiga masikioni kama kofi. Moshi ukajaa, ukawashika kooni wote wawili. Mama Mtutu akakimbia na tochi yake hadi kwenye karatasi.

Risasi ilikuwa mbali na alikolenga. Na tundu lenyewe halikuwa la mviringo. Lilikuwa refu, umbo la risasi nzima iliyolala. Ilikuwa imepita karatasini ubavu ubavu.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Jicho alimlenga nyati kweli."

Aliona yote sasa, kama yuko palepale. Nyati yuko ng'ambo ya uwanda, anakuja. Mgeni kajitenga pembeni na kamera yake. Jicho analenga nyati, na risasi ya dada yake inapepesuka, inamfuata mgeni. Na Jicho hakuijaribu hata moja kabla ya safari, kwa sababu katika familia ile risasi za Dada hazijaribiwi. Kuzijaribu ni matusi, sawa na kumkagua mama yako kama sufuria kaiosha.

Akarudi mezani, akammulika mumewe usoni.

"Fungua gunia."

"Mke wangu..."

"Fungua, au nilifungue kwa meno."

Akafungua. Mtutu mweusi ukatokeza, umepakwa mafuta vizuri. Hakuhitaji ufito wala chaki kuujua. Mama hamsahau mtoto wake.

"Baba Watoto! Ni wewe?"

Mwanamume akaketi chini, akashika kichwa.

"Kaka alinituma. Kuna mteja wake mkubwa alitaka mtutu wa namna ile kwa safari yake, na kuagiza ng'ambo kunachukua miezi. Kaka akasema, bunduki ya Jicho iko hapa inasubiri kusafishwa, azima ule wake, mfungie wa zamani, mteja akirudi tunarudisha. Nje inafanana. Nani atajua?"

"Na kufunga mtutu nani alikufundisha?"

"Wewe."

"Nilikufundisha ili uniue?"

"Nilidhani Jicho atatumia risasi fupi za dukani! Nakuapia. Sikujua kama umemjazia zako. Ulimpa nyumbani, kama zawadi, mimi nikiwa kaunta. Niliposikia mgeni kafa nikaelewa, na tangu hapo sijalala. Mteja karudi jana. Nimeuleta niufunge kabla Inspekta hajafika."

"Uufunge? Uufunge ndiyo bunduki ipige sawasawa, halafu mdogo wangu aonekane muuaji?"

Mimi msimulizi wenu nimemtafutia Baba Watoto utetezi wiki nzima, sikuuona.

Hapo kidirisha cha kutazamia mlangoni kikasogezwa, kra. Macho mawili yakatokea, na sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto anywe dawa.

"Shemeji."

"Shemeji, fungua mlango!"

"Nimesikia mlio. Basi umeshajua. Afadhali, maneno yatakuwa machache." Mwenye duka akakohoa kidogo. "Kila kitu kiko humo ndani. Mtutu mzuri upo, jiliwa lipo, spana ipo, na mafundi wawili mpo. Rudisheni mtutu mahali pake. Mkimaliza nafungua, tunapanda juu, tunakunywa chai."

"Na Jicho?"

"Jicho tutamtafutia wakili."

"Wakili wa kumsindikiza gerezani?"

"Shemeji, tumia akili. Ikijulikana mtutu ulibadilishwa, duka linafungwa. Mumeo anafungwa. Wewe uliyejaza risasi unafungwa. Watoto wako watalelewa na nani? Mdogo wako ni mmoja. Nyumba nzima inakutazama."

"Mdogo wangu nimembeba mgongoni tangu mama yetu alipofariki. Ukimgusa yeye umenigusa mimi."

"Basi kaeni mkafikiri. Inspekta yuko njiani."

Kidirisha kikafungwa. Mama Mtutu akausukuma mlango kwa bega, akaupiga mateke, akaita mpaka sauti ikakwama. Magunia ya mchanga yalimeza kila kitu. Handaki lilijengwa ili mtu wa juu asisikie hata bunduki vizuri, sembuse mwanamke mmoja.

Aligeuka akamkuta mumewe keshakaza spana kwenye bunduki.

"Acha!"

"Mke wangu, tumalize. Nakuomba. Tukitoka tutafikiria la kufanya."

"Tukitoka tutakuwa tumeshafanya."

"Nawaogopea watoto!"

"Unamwogopa kaka yako! Toka tumeoana unamwogopa kaka yako. Akikohoa wewe unatafuta dawa."

Mwanamume akaikaza spana kwa uzito wake wote. Chuma kikalia. Bado kidogo mtutu wa zamani uachie, na ukiachia, ushahidi wa Jicho umekwenda na maji.

Mama Mtutu hakumrukia. Hakuwa na nguvu za kushindana naye. Alifanya jambo ambalo fundi yeyote akilisikia atafumba macho. Aliunyakua ule mtutu mzuri, kazi ya mikono yake mwenyewe, akachukua tupa kubwa mezani, akaanza kuusaga uzi wa nyuma, ule unaoukaza mtutu kwenye bunduki.

Krrr! Krrr!

"Unafanya nini? Wewe mwanamke una wazimu!"

Krrr! Machozi yanamdondoka, tupa haisimami. Aliutengeneza mtutu ule kwa miezi, akiamka anauangalia kabla hata ya kunawa uso. Mumewe alipomkamata mkono, uzi ulikuwa umeshasagika upande mzima. Hakuna fundi duniani angeweza kuufunga tena.

"Sasa rudisha," akamwambia, anahema. "Rudisha nikuone."

Kidirisha kikasogezwa. Shemeji alichungulia, akauona mtutu, akaiona tupa, akaona unga wa chuma uliotapakaa mezani. Mama Mtutu alingojea matusi.

"Umeharibu," Shemeji akasema.

"Nimeharibu. Mwite Inspekta wako."

"Ahsante, shemeji."

Ahsante? Ahsante ya nini? Kidirisha kikafungwa kabla Mama Mtutu hajauliza.

Haukupita muda. Taa ikawaka, ikawachoma macho. Komeo likavutwa, mlango ukafunguka, na mbele yao akasimama Inspekta, kofia kwapani. Kando yake Shemeji, uso wa huzuni kweli kweli, wa mtu wa msibani.

"Hawa hapa, Afande. Nimewakuta wanachezea ushahidi wako, nikawafungia humu nikakungoja. Ni ndugu zangu, inaniuma, lakini sheria ni sheria."

Weee! Mnamwona huyo? Aliyewafungia wafanye uovu sasa amewafungia kwa sababu ya uovu!

"Mwongo!" Mama Mtutu akapaza sauti. "Afande, yeye ndiye aliyeagiza mtutu ubadilishwe! Tazama karatasi ile kule, tazama tundu! Risasi imekwenda ubavu. Mgeni yule jeraha lake lilikuwaje?"

Inspekta alitembea hadi mwisho wa handaki, akalitazama tundu kwa muda. Akarudi, hana haraka.

"Daktari aliandika kwamba jeraha ni refu," akasema. "Hatukuelewa kwa nini."

"Sasa umeelewa. Mtutu ule hauwezi kuongoza risasi hizi. Mdogo wangu hana kosa."

"Mdogo wako amekiri."

Ikawa kama amemwagiwa maji.

"Amekiri nini?"

"Asubuhi hii. Nilipomsomea maneno ya daktari alisema alimlenga mgeni makusudi. Na nilipomuuliza risasi kajaza nani, akasema kajaza mwenyewe."

Jicho! Jicho asiyeweza kujaza hata kibiriti! Mama Mtutu alielewa papo hapo. Jicho alisikia jeraha ni refu, akajua ni risasi za Dada zilizopepesuka, akadhani Dada kakosea tu, akajibebesha yeye.

"Anadanganya kunilinda mimi!"

"Inawezekana. Basi niambieni, mtutu huu kafunga nani?"

Mama Mtutu akamgeukia mumewe. Sema, Baba Watoto. Mara moja tu maishani mwako, sema.

Baba Watoto alimtazama kaka yake. Kaka yake akakohoa.

"Ni yeye," mwanamume akasema, macho chini. "Ni mke wangu. Mtutu kafunga yeye, risasi kajaza yeye. Hapa dukani hakuna mwingine anayejua kufunga mtutu. Hata jina watu wamempa hilo."

Miaka yote ya ndoa, watoto, uji wa wagonjwa, nguo za kufuliwa, na malipo yake ndiyo haya.

"Onyesha mikono," Inspekta akamwambia.

Akanyoosha. Unga wa chuma ulimwenea vidoleni.

"Na wewe unasema kafunga nani?"

"Yeye! Kaniambia mwenyewe, humu humu, sasa hivi!"

"Shahidi?"

Hapakuwa na shahidi. Inspekta akapumua kama mtu aliyechoka.

"Sikiliza, mama. Hakimu ananisubiri mchana huu na nina mtu aliyekiri. Nyie mkianza kusukumiana hapa, huyu kasema yule, yule kasema huyu, mimi nitapeleka nilichonacho. Ndugu wa mtuhumiwa wanaogombana hawanisaidii. Nikipata mtu mmoja anayesimama na kusema mtutu nimebadilisha mimi, hapo mambo yanageuka, na kijana anarudi nyumbani."

Mama Mtutu akamwangalia Shemeji, aliyekuwa anafuta miwani. Akamwangalia mumewe, aliyekuwa anaangalia viatu. Pande zote ukuta. Akiupinga uongo ule, Jicho anakwenda. Akiukubali, Jicho anatoka.

"Afande," akasema, sauti haitetemeki tena. "Mume wangu anasema kweli."

Baba Watoto akainua kichwa ghafla.

"Mtutu nimebadilisha mimi. Risasi nimejaza mimi. Huyu mwanamume hajui kufunga hata bawaba ya mlango. Andika hivyo, na mdogo wangu mtoeni."

"Una hakika na unachosema?"

"Andika!"

Inspekta hakuandika. Alisogea pembeni, akaita nje ya mlango, "Mlete."

Loo! Hakuna aliyemwambia Mama Mtutu kwamba mtuhumiwa lazima aletwe kuitambua bunduki yake kabla ya kujaribiwa. Jicho aliingia na pingu mikononi, amekonda, ndevu zimemwota. Walikuwa wamemshusha ngazini dakika ile tu, akasikia dada yake akikiri, basi.

"Dada," akasema.

"Mdogo wangu."

"Umesema ulibadilisha mtutu."

"Nimesema."

"Nilijua umekosea risasi. Kukosea nilikusamehe tangu selo, ndiyo maana nikasema nilichosema. Lakini mtutu haubadilishwi kwa bahati mbaya." Akasogea hatua moja. "Ulinirudishia mtutu wa zamani, ukanipa na risasi ndefu kwa mkono wako, ukaniambia, nenda mdogo wangu, hizi hazikosi. Niambie tu kwamba hukujua kitakachotokea. Ukiniambia hukujua, basi mimi nashikilia langu, nakwenda kwa hakimu, wewe unarudi kwa watoto. Ulijua?"

Inspekta anamtazama. Shemeji kasimamisha kitambaa juu ya kioo cha miwani. Baba Watoto midomo inamcheza.

Hapana. Neno dogo hivyo tu, na lilikuwa kweli tupu. Lilimjaa mdomoni. Alilia moyoni kwa kulitamani. Alimwona Jicho mdogo, amelala mgongoni kwake, pua inavuja, analia njaa.

"Nilijua," akasema.

Jicho alisimama akimtazama, anasubiri dada yake aongeze lolote. Hakuongeza. Uso wa kijana ukabadilika polepole, ukawa uso wa mtu asiyemfahamu. Akamgeuzia mgongo, akamnyooshea Inspekta mikono yake yenye pingu.

"Afande," akasema, "nataka kubadilisha maelezo yangu."